Subaru ya buluu yenye utando wa buibui: usianze na mashine

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2005, buluu, rimu za dhahabu. Niliinunua mwaka jana kwa mtu hapa Dar. Naishi Kigamboni, si mbali na bahari. Gari huoshwa kila Jumamosi na vijana wa pale kituoni. Likiwa kivulini linapendeza, ila likitoka juani boneti yote ni duara duara kama utando wa buibui, na rimu zimeota weusi usiotoka hata kwa stili waya. Fundi mmoja anataka kulipiga kompaundi, ile dawa ya kukwangua na kung'arisha rangi, kwa grainda, anasema nusu siku kazi imekwisha. Rafiki yangu anasema niachane naye, niweke seramiki ya kukinga rangi moja kwa moja. Mimi nataka kufanya mwenyewe nyumbani. Inawezekana? Nianzie wapi?"

Marahaba. Inawezekana, tena kwa gari kama hilo ni heri mikono yako ya polepole kuliko grainda ya nusu siku. Ila jambo la kwanza halihusu mashine hata kidogo. Jumamosi ijayo waambie wale vijana wapumzike, gari lako wasiliguse. Utando unaouona haukuletwa na jua wala umri. Umeletwa na kuoshwa. Kitambaa kilekile kimeshaosha daladala na bodaboda mbili, kimeanguka mchangani, kimekamuliwa kwenye ndoo ya maji ya tope, kisha kikapitishwa kwenye boneti yako na kijana mwenye haraka ya kuhudumia gari linalofuata. Huo ni msasa wenye povu, mdogo wangu. Ukiing'arisha leo na kuirudisha kwao Jumamosi, mwezi mmoja tu utakuwa ulipo sasa, ila rangi itakuwa imepungua.

Na zile si duara. Ni maelfu ya mikwaruzo myembamba iliyokwenda kila upande, ila jua humulika ile tu iliyoukingama mwanga wake, ndiyo maana unaona duara. Sogeza kichwa uone: duara linakufuata. Nakwambia haya kwa sababu wapo wanaodhani ni alama za mkono uliozungusha kitambaa, wakaamini kwamba wakifuta kwa mistari iliyonyooka tatizo limekwisha. Kunyoosha mkono kunasaidia kidogo. Kinachosaidia hasa ni kuondoa mchanga.

Sasa ujue unachokwenda kukigusa. Rangi iliyotoka kiwandani ina tabaka nne: chini kabisa ile ya kuzuia kutu, juu yake praima, halafu rangi yenyewe, na mwisho kliya, yaani tabaka angavu la juu kama vanishi. Zote kwa pamoja mara nyingi huwa kati ya mikroni 100 na 140, na mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Unywele wa kichwa chako una kama mikroni 70. Kliya peke yake ni kama 40, nyembamba kuliko unywele huo, nayo ndiyo yenye mng'ao wote na ndiyo inayoikinga ile buluu isichomwe na jua. Kung'arisha ni kuikwangua kliya hiyo hadi uso wake ushuke kufikia kina cha mkwaruzo. Ni kazi ya kupunguza. Zipo dawa zenye mafuta na vijazio vinavyoficha mikwaruzo, na gari likatoka linawaka kweli, ila ukiliosha mara mbili tatu utando unarudi. Kama fundi wako wa nusu siku hatoi kliya nyingi kuliko inavyostahili, basi anakuuzia mafuta. Sioni njia ya tatu.

Sina ugomvi na grainda yenyewe, maana ninayo na bado naitumia. Mashine ile inayozunguka kwa mhimili mmoja inakata haraka sana, na kwa aliyeizoea ni chombo kizuri. Lakini inazalisha joto mahali pamoja, na ukiinyanyua upande mmoja au ukakaa sekunde mbili zaidi kwenye ukingo, umefika kwenye praima. Nilijifunza hilo kwenye fenda ya gari jekundu la mteja, nikiwa na mwaka wa pili tu wa kazi. Nilisikia harufu kabla sijaona, nikainua mashine, pedi ya manyoya ya kondoo ilikuwa nyekundu na ukingo ulikuwa na mstari wa kijivu wa urefu wa kidole. Kurudia rangi ya fenda ile kulimeza ujira wangu wa gari lote na ziada juu yake. Na hata usipochoma, pedi ya manyoya yenye kompaundi kali mikononi mwa mtu mwenye haraka huacha mawimbi ya mwanga yanayocheza juani, tunayaita hologramu. Kwenye buluu kama yako yanaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Zaidi ya hapo, kliya za Subaru za miaka hiyo ni laini. Ulaini huo una pande mbili: mikwaruzo inatoka kwa urahisi, na inaingia kwa urahisi vilevile. Kitambaa kibaya tu kinatosha. Kwa hiyo huna haja ya kompaundi kali, na hilo ndilo litakalokuokoa wewe unayeanza.

Kabla ya kununua chochote, lichunguze gari. Lina miaka 20 hivi, limepita mikononi mwa watu, na huenda baadhi ya sehemu zilishapigwa rangi upya. Omba kwa fundi wa bodi akuazime kipimo cha unene wa rangi kwa dakika kumi, upime kila kipande sehemu tano hivi. Ukipata 100 hadi 140, yaelekea ni rangi ya kiwandani. Ukipata 200 na zaidi, kipande hicho kimepigwa rangi tena. Ikifika mia kadhaa, hapo chini kuna bodifila, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati. Ikishuka chini ya 80, mwenzako mmoja huko nyuma alishaking'arisha kupita kiasi, na wewe hapo ng'arisha kwa mkono tu, mashine isiguse.

Tahadhari moja inayowapoteza wengi: boneti ya STI hiyo ni ya alumini. Vipimo vya bei ndogo vinavyosoma chuma peke yake havitakupa kitu pale, na fundi mwenye sumaku ataona hainasi, akuambie boneti yote ni bodifila. Si kweli. Tafuta kipimo kinachosoma chuma na alumini. Bampa ni plastiki, hizo hazipimiki kwa kifaa hicho, kwa hiyo zitendee kwa hofu.

Kama hupati kipimo, fanya jaribio hili dogo. Weka tone la dawa ya kung'arisha kwenye kitambaa cheupe, sugua kwa kidole mahali pasipoonekana, kila kipande kivyake. Kitambaa kikibaki cheupe au kikawa cha kijivu cha uchafu, una kliya juu. Kikigeuka buluu, kipande hicho kimepigwa rangi isiyo na kliya, au kliya imekwisha. Acha hapohapo.

Haya, kuosha. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo kazi utakayoifanya kila wiki, wakati mashine utaishika labda mara moja kwa miaka miwili au mitatu.

Unahitaji ndoo mbili. Moja ya maji yenye shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu. Nunua glavu ya maikrofaiba, achana na sponji bapa, kwa sababu mchanga hukaa juu ya uso wa sponji ukaburuzwa, ila nyuzi za glavu huumeza. Sabuni ya unga ya nguo iache kwenye nguo, huondoa nta yote uliyoweka na hukausha mipira ya madirisha. Anza kwa kulimwagia gari maji mengi, mpaka mchanga unaoweza kuondoka wenyewe uondoke bila kuguswa. Mpira wa bustani unatosha, mashine ya presha ni bora zaidi ila ishike mbali na mahali penye rangi iliyobanduka. Kisha osha kutoka juu kushuka: paa, vioo, boneti, buti, milango ya juu. Sehemu ya chini ya milango na bampa ya nyuma mwisho kabisa, kwa sababu ndiko mchanga wa Kigamboni unakokaa. Kila kipande kimoja, glavu inarudi kwenye ndoo ya maji matupu, unaikamua, ndipo unaichovya kwenye shampuu. Ukimaliza chungulia chini ya ile ndoo ya kusuuzia. Utakachokiona kule ndicho kilichokuwa kikisuguliwa kwenye boneti yako kila Jumamosi.

Maji ya visima upande wenu mengi yana chumvi, na chumvi na chokaa vikikauka juani vinaacha madoa meupe yanayokula kliya. Kwa hiyo osha asubuhi, saa kumi na mbili hadi saa tatu, kivulini, na usiache kipande kikauke chenyewe. Mimi hukinga maji ya mvua kwenye pipa, nikayatumia kwa kumwagia mara ya mwisho. Ndoo mbili zinatosha gari dogo. Kukausha, tandaza taulo kubwa nene la maikrofaiba juu ya boneti, ulivute polepole kuelekea kwako, bila kukandamiza. Doa jeupe lililokwisha kukauka lijaribu kwa siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, dakika moja tu, kisha suuza vizuri. Likigoma, basi limeshachimba na litasubiri mashine.

Na kunguru. Mtu wa Dar hahitaji kuambiwa habari za kunguru. Kinyesi chao kina asidi, na juani jioni hiyohiyo kinaweza kuacha alama kwenye kliya laini. Beba chupa ndogo ya maji na kitambaa safi ndani ya gari: lowesha, subiri kilainike, inua. Usikifute kikavu, ndani yake mna mchanga na mbegu. Utomvu wa mwembe ni habari hiyohiyo, usiegeshe chini yake hata kivuli kikikuvutia namna gani.

Gari likiwa safi, pitisha vidole vyako juu ya boneti ukiwa umevivisha kipande cha nailoni laini. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini nailoni ya kufungia mkate ipo kila nyumba. Utahisi vipunje vipunje hata pale ambapo macho yanaona kioo. Hivyo ni vumbi la breki lililonasa, matone ya lami, chembe za rangi za gereji jirani. Ukipitisha mashine juu yake, utavizungusha vikwaruze. Anza na lami: dawa ya kutoa lami, au ukikosa, mafuta ya taa kidogo sana kwenye kitambaa, kisha osha na shampuu palepale. Thina usiiguse kabisa, kwenye kipande kilichopigwa rangi mtaani itaiyeyusha. Halafu pulizia dawa ya kuyeyusha chuma. Ni kimiminika kinachogeuka zambarau kinapokutana na chembe za chuma, na kina harufu ya yai viza, kwa hiyo vaa glavu za mpira na ukae upande unakotoka upepo. Dakika tatu hadi tano, kisikauke, suuza.

Baada ya hapo ndipo unatumia udongo wa kusafishia rangi. Ni kama ule udongo laini wa watoto wa kufinyanga. Unaulowesha kwa maji ya shampuu, unauteleza kwenye rangi bila kukandamiza, mpaka unaacha kukwama. Ukunje kila baada ya kipande kimoja uso safi uje juu. Ukianguka chini, hata mara moja, utupe. Usiuonee huruma.

Sasa rimu, maana hizo ndizo zinazoniuma zaidi katika barua yako. Stili waya! Tafadhali itoe nje ya nyumba.

Kwanza jua una rimu gani. Baadhi ya STI hizi zilitoka na rimu za dhahabu za kampuni ya BBS, za alumini iliyofuliwa badala ya kumiminwa kwenye kalibu, inchi 17, ila mitaani zimejaa nakala zake. Kwa usafishaji tofauti haiko kwenye jina, iko kwenye kilichopakwa juu ya chuma chake. Rimu zako zimepakwa rangi, na kwa kawaida kuna kliya juu. Hiyo unaiosha kama mwili wa gari, kwa shampuu na dawa ya kuyeyusha chuma isiyo na asidi. Rimu za alumini tupu iliyong'arishwa ni habari nyingine kabisa, hizo asidi huziunguza na hata sabuni kali za magadi huzifanya zipauke papo hapo. Na kuna dawa za kusafishia vyoo ambazo baadhi ya vijana wa kuosha magari huzitumia kwenye rimu. Zinatoa weusi, ndiyo. Zinatoa na rangi, zikila pia diski na nati.

Ule weusi ni vumbi la breki. Pedi zikibana diski, zinatoa chembe za chuma zenye joto kali, zinaruka na kujichimbia kwenye kliya ya rimu, kisha zinapata unyevu na chumvi ya bahari zinaota kutu zikiwa mlemle. Ndiyo sababu sabuni haifui dafu. Breki za Brembo za gari lako ni kubwa na zinatoa vumbi la kutosha.

Fanya gurudumu moja moja, rimu ikiwa baridi kabisa. Legeza nati gari likiwa chini, weka kabari kwenye matairi mengine, inua kwa jeki kwenye sehemu yake maalumu, kisha weka stendi. Mwili wako usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, sijali ni sekunde ngapi. Ukiitoa rimu utashangaa upande wa ndani ulivyo, ndiko uchafu ulikojificha miaka yote hiyo. Suuza, pulizia dawa ya chuma, acha igeuke zambarau, pitisha brashi laini ya nywele ndefu, suuza, rudia. Mara ya pili zambarau itapungua, mara ya tatu labda ibaki michirizi. Lami iliyorukia ndani itoe kwa dawa yake. Kisha udongo, ila tumia kipande kilichochakaa na usikirudishe kwenye boneti tena. Mwisho paka silanti, yaani dawa ya kukinga inayopakwa juu kama nta, ile inayostahimili joto, safu mbili, saa moja kati yake. Kuanzia hapo vumbi litatoka kwa maji na shampuu tu.

Utabaki na vidoa vyeusi vidogo ambavyo havitoki kwa lolote. Hivyo vimeshapita kliya na kuanza kula chuma chini yake, na pale uliposugua kwa stili waya pengine kliya haipo tena. Hapo hakuna dawa zaidi ya kupaka rimu rangi upya kwa fundi wa rimu. Usihangaike kuing'arisha, utaimalizia. Ishi navyo, au ziingize kwenye bajeti ya mwakani.

Rudisha nati kwa mpangilio wa nyota, uzikaze kwa spana ya kipimo kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Tairi lisugue kwa brashi mpaka povu liwe jeupe, kisha paka dawa ya tairi yenye asili ya maji, kiasi, ubavuni tu. Ile ya mtaani yenye dizeli hukausha mpira, na ukitembea kidogo hurukia milango. Ukimaliza yote, kabla hujaingia barabarani, sogeza gari polepole ukanyage breki mara kadhaa zikauke.

Mashine, hatimaye. Nunua au azima ya DA, ile ambayo pedi huzunguka na wakati huohuo huyumba. Haichimbi mahali pamoja kama grainda, ukiikandamiza kupita kiasi inaacha tu kuzunguka. Yenye myumbo wa milimita 8 hadi 15 na pedi za inchi 5 inakutosha. Umeme usikutishe: mashine ya wati 800 ikifanya kazi saa nane mfululizo ni uniti 6.4 za luku, na wewe hutaifanyisha saa nane mfululizo. Nunua pedi za sponji laini zisizopungua nne, mbili za kati, dawa moja ya kumalizia na moja ya kati, na vitambaa vya maikrofaiba kumi na viwili au zaidi. Watu hutumia fedha zote kwenye mashine wakabaki na vitambaa viwili. Afadhali ungefanya kinyume.

Mwezi wa sita hadi wa nane ndio msimu wangu wa kazi hii: masika yameisha, joto limepungua. Fanyia kivulini, boneti ikiwa baridi kwa kiganja. Bati la rangi iliyokoza likikaa juani mchana wa Dar huweza kuzidi nyuzi 60, na dawa itakaukia juu yake kabla hujasukuma mashine mara mbili. Bandika tepu ya karatasi ya mafundi rangi kwenye plastiki nyeusi zote, mipira ya vioo, kingo za ile pua ya boneti ya kuingizia hewa, na kila mkunjo mkali wa bodi. Kingo zina kliya nyembamba kuliko popote.

Kisha fanya kitu ambacho wanaoanza hukiruka: jaribio. Chagua mraba wa sentimita 40 kwa 40 katikati ya boneti. Anza na pedi laini na dawa ya kumalizia, yaani silaha ndogo kabisa uliyonayo. Matone manne ya ukubwa wa punje ya kunde. Yapake kwa mashine ikiwa imezimwa, iwashe kwa mwendo wa 1 uyasambaze, kisha panda hadi 4. Sukuma polepole, kama sentimita tatu kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia. Pita kwa urefu, halafu kwa upana, kila upande mara mbili au tatu. Uzito wa mashine na mkono mwepesi vinatosha. Futa. Halafu, na hapa usiwe mvivu, futa tena kwa spiriti safi iliyozimuliwa, sehemu moja kwa tano au sita za maji. Mafuta ya dawa huficha mikwaruzo, spiriti huyaondoa ukaona ukweli. Mulika kwa torchi, kisha sogeza gari juani uangalie tena.

Kwa kliya laini kama yako, sitashangaa robo tatu ya utando iwe imeondoka kwa hatua hiyo moja. Kama ndivyo, usitafute zaidi. Kama umetoka kidogo tu, panda kwenye pedi ya kati na dawa ya kati kwenye mraba uleule, kisha rudi na laini, kwa sababu ile ya kati itaacha ukungu wake. Usiruke moja kwa moja kwenye pedi kali kwa sababu mtu fulani alikuonyesha matokeo kwenye gari la Kijerumani. Kliya za huko nyingi ni ngumu, dawa zinazozitosha zinaiumiza yako.

Mkwaruzo ambao ukucha wako unakwama ukiupitisha, uache. Unaweza kuulainisha kingo zake usionekane sana, lakini kuufuta maana yake ni kushusha kliya yote iliyouzunguka hadi kina hicho. Pasi moja ya dawa ya kumalizia hutoa kama mikroni moja, au chini yake. Kompaundi nzito hutoa mbili hadi nne, na mtu akirudiarudia ni zaidi. Piga hesabu mwenyewe kwenye 40.

Ukishapata mchanganyiko unaofaa, rudia gari zima mraba kwa mraba. Safisha pedi kwa brashi kila baada ya mraba, ibadilishe kila kipande kimoja au viwili, maana pedi iliyolowa na kujaa kliya iliyokatwa inachoma na haikati. Boneti peke yake itakuchukua saa moja na zaidi. Gari zima ni saa nane hadi kumi na mbili, kwa hiyo gawa: Jumamosi ya kwanza kuosha, udongo na rimu, Jumamosi na Jumapili inayofuata mashine. Kwenye bampa punguza mwendo, plastiki hutunza joto. Chini ya spoila na kuzunguka vitasa fanya kwa mkono.

Ile buluu na dhahabu, kwa njia, ni mavazi ya mdhamini wa timu ya rali ya Subaru ya miaka ya 90, kampuni ya sigara. Magari ya namna hiyo yalishinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1997 yakiendeshwa na Colin McRae, na 2000 na Richard Burns, yakiwa yamefunikwa tope hadi paani. Hakuna aliyeuliza habari za utando wa buibui.

Kuhusu seramiki ya rafiki yako: ni tabaka la silika, jembamba sana, linaloshika kwenye kliya na kukaa mwaka au miaka kadhaa likitunzwa. Linafukuza maji na kurahisisha kuosha. Haliondoi mkwaruzo hata mmoja. Ukiliweka leo juu ya utando ulionao, umeufungia utando ndani ya kioo, na kuutoa itabidi kwanza ulikwangue lenyewe. Wala halizuii kokoto, sijali anayeuza amekuonyesha video ya kiberiti kikiwashwa juu ya rangi. Na kwa maji ya chumvi ya kwenu, matone yanayosimama vizuri juu ya seramiki ndiyo yanayokauka na kuacha madoa makali zaidi. Kwa mwaka huu wa kwanza paka silanti ya kawaida, rudia kila baada ya miezi mitatu au minne, jifunze kuosha. Nta ya karnauba inang'aa kwa joto fulani ambalo bado nalipenda, na mimi huiweka kwenye gari langu kwa raha zangu tu, lakini kwa jua la Dar inakaa wiki chache. Mwakani, kama ndoo mbili zimekuwa tabia na boneti bado safi, tuzungumze habari ya seramiki.

Vitambaa vifue peke yake, kwa sabuni ya maji, bila dawa ya kulainishia nguo, uvianike pasipo na vumbi. Kikianguka chini, kinahamia kwenye kazi ya rimu, na cha rimu hakirudi juu.

Nikutakie kazi njema. Ule mraba wa jaribio ukishaufuta kwa spiriti, upige picha juani kabla hujagusa boneti iliyobaki, unitumie pamoja na jina la pedi na dawa uliyotumia, nikuambie kama uendelee au ushuke.